KIPUPWE CHA IWAWA NA BEI YA UNITI

Kipupwe kinapoingia mwezi wa Juni, mkaaji wa Dar es Salaam huongeza shuka moja kitandani na kusema kwamba baridi imekuja. Mkaaji wa Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete katika Mkoa wa Njombe, huamka alfajiri akakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi nje ya mlango wake, nyeupe kama chumvi iliyomwagwa. Yuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo ulio jirani naye umepanda juu zaidi ya hapo. Watoto wake huenda shule wamejifunga sufu shingoni. Mama yake mzee haondoki jikoni mpaka jua lipande. Kwa mtu huyu moto ndani ya nyumba si anasa. Ni haja ya kila siku, kama chakula na paa.

Swali letu leo ni jepesi kulitaja na gumu kulijibu: mtu huyu aipashe nyumba yake joto kwa kitu gani?

Gesi ya bomba hana. Taifa letu liligundua gesi asilia Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Gesi ya Songo Songo ikaanza kutumika kuzalisha umeme mwaka 2004, na mwaka 2015 bomba kubwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam likazinduliwa. Zipo nyumba za Dar es Salaam, Lindi na Mtwara zilizounganishwa na bomba hilo, na tunawapongeza wenye nyumba hizo. Lakini bomba halipandi Makambako, wala halifiki Njombe, na Iwawa iko mbali zaidi ya Njombe. Gesi inayofika huko ni ya mitungi, iliyoshushwa bandarini na kusafirishwa kwa lori zaidi ya kilomita 700, na kila kilomita huongeza kitu katika bei. Mtungi wa kilo 6 una joto lipatalo uniti 77 za umeme. Mwenye kuuwasha katika jiko la kuota kwa nguvu ya kilowati moja, saa tano kila siku, ataumaliza katika siku 15. Mitungi miwili kwa mwezi, na bado hajapika ugali. Zaidi ya hayo, moto wa gesi ndani ya chumba kilichofungwa hula hewa ile ile anayoivuta mwenye chumba.

Basi amebakiwa na mkaa, kuni na umeme.

Juu ya mkaa hatutasema kwa kuzungukazunguka. Mkaa unaua, na hauui kwa moshi peke yake. Moshi humchoma mtu macho, akakohoa, akafungua dirisha. Kwa hiyo moshi, pamoja na madhara yake yote, humwonya. Kinachoua usiku ni hewa iitwayo monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi, haina harufu, na hutoka kwa wingi pale mkaa unapowaka polepole katika hewa haba. Ndiyo saa ile ambapo jiko linaonekana limetulia, makaa yamekuwa mekundu, hakuna moshi hata kidogo, na baba wa nyumba anasema sasa laweza kuingizwa chumbani. Hewa hiyo huingia katika damu na kuikalia nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, akalegea, akasinzia. Na kwa kuwa alikuwa amelala tangu mwanzo, hakuna anayetambua kwamba usingizi wake umebadilika. Wenye kujifungia na jiko la mkaa usiku wa baridi hukutwa asubuhi wamekufa, mara nyingine jamaa nzima, na majirani husimama mlangoni wasijue la kusema. Hakuna mkazi wa nyanda za juu ambaye hajapata kusikia habari ya namna hiyo.

Kifo cha polepole nacho kipo. Serikali yetu, katika kuhimiza nishati safi ya kupikia, imetaja vifo vipatavyo 33,000 kwa mwaka katika nchi yetu kuwa vinatokana na moshi wa kuni na mkaa majumbani. Mwezi wa Mei 2024 ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wenye shabaha ya kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Shabaha hiyo ni njema na Chama kinaiunga mkono. Lakini tuyatazame maneno yenyewe: nishati safi ya kupikia. Mkakati huo watazama chungu. Kule Iwawa jiko halipiki tu. Jiko ndilo linaloota. Mama wa Kikinga anapopewa jiko la gesi la kupikia, anashukuru, anapika maharage yake, anazima. Kisha anakoka mkaa, kwa sababu chumba kingali baridi. Aliye katika joto la pwani hawezi kuliona jambo hili mpaka alale Makete usiku mmoja wa Julai.

Sasa tuje kwenye umeme. Njombe si gizani tena. Msongo mkubwa wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, uliojengwa kwa msaada wa Uswidi, uliunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018. Wakala wa Nishati Vijijini umefikisha nguzo katika vijiji vyote vya nchi, ingawa vitongoji vingi bado vinangoja, na mwanakijiji ameunganishwa kwa shilingi 27,000. Hili ni jambo kubwa ambalo wazee wetu hawakulitazamia.

Hata hivyo kuunganishwa si kutumia. Mpiga hesabu na akae nasi kitako.

Kwa bei iliyopangwa na EWURA mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa kila uniti, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Juu yake huongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Uniti moja yamfikia kwa shilingi 122. Bei hiyo ni ya huruma, nasi twaiheshimu. Uniti inayozidi 75 hutozwa shilingi 350, na mwenye kuzidi mara kwa mara huhamishwa katika daraja la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti, tangu ile ya kwanza, ni shilingi 292 kabla ya kodi. Yaani shilingi 356 akiisha kulipa vyote.

Chukua nyumba ya muuguzi wa Iwawa, yenye taa, redio, televisheni, pasi na simu za kuchaji. Tuseme yatumia uniti 50 kwa mwezi. Atalipa shilingi 6,100, ukiacha kodi ya jengo. Kipupwe kimeingia, amenunua hita ndogo ya wati 1,000, naye aiwasha saa tatu jioni na saa mbili alfajiri kabla watoto hawajaamka. Hita ya wati 1,000 hula uniti moja kwa saa: uniti 5 kwa siku, 150 kwa mwezi. Pamoja na zile 50 za awali, uniti 200. Naye sasa amehamishwa daraja, kwa hiyo atalipa takriban shilingi 71,200. Matumizi yake yameongezeka mara nne; malipo yake yameongezeka karibu mara kumi na mbili. Kima cha chini cha mshahara Serikalini, kilichotangazwa Singida katika sikukuu ya Mei Mosi mwaka 2025, ni shilingi 500,000. Mwenye mshahara huo atatoa fungu moja katika saba kwa ajili ya umeme peke yake. Sembuse kibarua wa shamba la chai, au mkulima wa viazi ambaye hajui mshahara!

Na akiamua kubaki ndani ya uniti 75 ili asipoteze bei ya huruma? Amebakiwa na uniti 25 za joto kwa mwezi mzima. Ni dakika 50 za hita kwa siku. Maji ya kuoga yakiwa ya moto, hata dakika hizo hana.

Hapa ndipo twaona kasoro, nasi hatuoni haya kuitaja katika ukurasa huu, kwa maana gazeti la Chama ambalo haliwezi kumwambia kiongozi wa Chama jambo lililo kweli ni karatasi ya kufungia sukari. Kikomo cha uniti 75 kiliwekwa kwa kumfikiria Mtanzania mnyonge mwenye taa na redio. Hakikutofautisha Tanga na Makete, wala Januari na Julai. Kwa Tanga, uniti 75 ni msaada wa kweli kwa mnyonge. Kwa Makete katika mwezi wa Julai, kikomo kile kile humwadhibu mnyonge kwa sababu ameota moto. Usawa wa namba si lazima uwe usawa wa watu, na sisi tuliofundishwa ujamaa twapaswa kulijua hilo kuliko wengine. Mtume Yakobo, ambaye tulisomeshwa waraka wake shuleni, aliwakemea watu wa namna fulani: wale wanaomtuma mwenzao maskini aende akaote moto, na wasimpe cha kuotea.

Yako mambo mawili zaidi yanayotutia uchungu.

La kwanza ni asili ya umeme wenyewe. Mvua na ukungu unaowatesa watu wa Kitulo na Kipengere ndiyo maji yanayoshuka kwa mito kama Kimani hadi bonde la Usangu, yakaingia Ruaha Mkuu, yakafika Mtera, penye mitambo ya megawati 80, kisha Kidatu, penye megawati 204, na hatimaye yakaungana na Rufiji kwenda Bwawa la Julius Nyerere. Katika Makete yenyewe upo mradi wa Rumakali, wa megawati 222, ambao umekuwa katika mipango ya Taifa kwa miaka mingi. Hatusemi kwamba Makete ina hati ya kumiliki mawingu. Maji ni ya Taifa, na umeme ni wa Taifa. Tunasema tu kwamba mtu anayelala katika baridi inayozaa umeme asiwe ndiye wa mwisho kuota kwa umeme huo.

La pili ni kwamba umeme upo. Zamani jibu lilikuwa fupi: hautoshi, kwa hiyo usiuchezee katika hita. Mgao wa umeme wa mwaka 2023 tunaukumbuka sote. Lakini mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uliwashwa Februari 2024, na mwezi uliofuata baadhi ya mitambo mingine ya maji ilizimwa kwa kuwa umeme uliozalishwa ulizidi mahitaji. Mwaka 2025 mitambo yote tisa ya bwawa hilo, yenye jumla ya megawati 2,115, ilikamilika, na uwezo wa mitambo yote ya nchi ukavuka megawati 4,000, huku mahitaji ya juu kabisa yakiwa kiasi cha nusu ya hapo. Na mahitaji hayo ya juu hutokea jioni. Baada ya saa tano usiku viwanda vingi vimelala, mijini taa zimezimwa, na mitambo inao uwezo ambao hauna kazi. Saa hizo hizo ndizo sakitu inaposhuka Makete.

Wengine walikwisha kuliona hilo. Uingereza, tangu miaka ya 1960, waliuza kwa wingi hita zenye matofali mazito ndani yake; matofali hupashwa moto usiku kwa umeme wa bei nafuu, kisha hutoa joto mchana kutwa. Norwei, nchi yenye gesi nyingi baharini, haikuipeleka gesi hiyo kwa bomba katika nyumba za watu wake. Iliwapa umeme wa maporomoko ya maji, na hata leo nyumba nyingi za huko huota kwa umeme. Siku hizi wao na Waswidi hutumia mashine za kusukuma joto, ambazo kwa kweli ni kiyoyozi kilichogeuzwa kifanye kazi kinyume: badala ya kutoa joto ndani na kulitupa nje, hulichota nje, hata kama nje ni baridi, na kulileta ndani. Kwa uniti moja ya umeme mashine hiyo huleta joto la uniti mbili au tatu. Bei yake si ya mkulima. Ila kwa hospitali, kwa wodi ya wazazi na watoto wachanga, na kwa bweni la shule, hesabu yake ifanywe na wanaojua.

Lakini tusiwadanganye wasomaji wetu kwamba bei ikishuka shida imekwisha. Nyumba nyingi zilizounganishwa vijijini zina nyaya za taa, au zina kile kifaa cha UMETA, ambacho ni baraka kwa mwenye chumba kimoja lakini hakikutengenezwa kwa ajili ya hita. Soketi ya ampea 13 yaweza kubeba kilowati 3 ikiwa waya nyuma yake ni mnene ipasavyo. Waya ukiwa mwembamba, au ukitumia kirefusho cha sokoni kilichozungushwa kama kamba ya mbuzi, waya huo ndio utakaopata moto kwanza, na dari ndilo litakalofuata. Tena, umeme unaosafiri mbali juu ya milima hufika umechoka. Hita ya kilowati mbili ikipata volti 180 badala ya 230 haipungui kidogo. Joto lake hushuka hadi kilowati moja na robo hivi, kwa sababu nguvu hupungua kwa kipeo cha pili cha volti. Mwenye nyumba hulaumu hita, akanunua ya pili, akaongeza mzigo katika waya ule ule. TANESCO, pamoja na kuhesabu nyumba zilizounganishwa, wahesabu pia volti zinazofika saa tatu usiku katika nyumba ya mwisho ya laini.

Na kabla ya hita kuna nyumba yenyewe. Nyumba za wazee wetu wa milimani, za mianzi, udongo na nyasi, zilikuwa na giza na moshi, hatuzitamani. Lakini zilijua kushika joto. Sisi tumeendelea tukaezeka bati, na chini ya bati hatukuweka dari. Joto hupanda, na bati hulitupa nje usiku kucha. Kuwasha hita chini ya bati tupu ni kujaza maji katika pakacha. Mwenye shilingi chache za kuanzia aanze na dari, kisha azibe nyufa za madirisha na upenyo wa chini ya mlango, ndipo aende dukani kuuliza bei ya hita. (Akiwa bado na jiko la mkaa ndani, asizibe kitu, nyufa hizo ndizo zinazomweka hai.)

Tena si lazima kupasha chumba kizima ili kumpasha mtu. Blanketi la umeme la wati 100, likitumika saa nane usiku, halifiki uniti moja. Kwa mwezi ni uniti 24, yaani chini ya shilingi 3,000 kwa bei ya mtumiaji mdogo. Lita mbili za maji zilizochemshwa kwa birika la umeme na kutiwa katika chupa ya mpira hazigharimu hata robo ya uniti, na bibi akiziweka miguuni atalala mpaka jogoo awike. Katika bweni tulilolelewa, wamisionari hawakutupa hata hilo. Tulikuwa tukichukua tofali moja moja lililokaa kando ya moto wa jikoni, tukalifunga kwa gunia na kulala nalo. Tulichekana sana, lakini tofali lilifanya kazi.

Wako watakaouliza kwa nini tusirudi kwenye miti, maana Njombe ni nchi ya miti. Swali hilo si la kipuuzi. Kampuni ya miwati ya Njombe, iliyoanza mwaka 1949, ilijenga mwaka 1995 mtambo wa kuni wa megawati 2.5 ambao uliuza umeme kwa TANESCO. Mti uliopandwa, ukakatwa, ukapandwa tena, si adui wa mtu, na mkulima wa Makete anayeuza miwati yake anasomesha watoto kwa miti hiyo. Jiko la matofali lenye bomba la kutolea moshi hadi juu ya paa ni la heshima, na mahali ambapo nguzo hazijafika ndilo litakaloendelea kutumika. Adui wetu ni moto usio na bomba ndani ya chumba kilichofungwa.

Wengine watasema kwamba tukiipa Makete nafuu ya baridi, Dar es Salaam nayo itadai nafuu ya feni. Na idai. Feni ya wati 60 ikizunguka usiku kucha haimalizi uniti moja. Hita humaliza uniti hiyo kwa saa moja. Vitu viwili hivi havikai katika mizani moja.

Kwa hiyo tunatoa rai. EWURA na TANESCO watazame upya kikomo cha uniti 75 kwa wilaya za baridi kali, nacho kifikishwe uniti 150 katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Mwenye kutumia uniti 50 kwa shughuli nyingine atabakiwa na uniti 100 za joto, yaani hita ya wati 1,000 kwa saa tatu na dakika 20 kila siku, na malipo yake yote yatakuwa shilingi 18,300. Ikionekana hilo ni zito, basi uniti za kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri zipewe bei yake, kwa kuwa Luku za kisasa zaweza kufundishwa kuhesabu saa.

Bei ya umeme haibadilishwi kwa makala. Hubadilishwa baada ya mkutano wa taftishi, ambako EWURA husikiliza wenye hoja na wenye takwimu, na wenye takwimu kwa kawaida ni wale waliokuja na suti. Kwa sababu hiyo tunawaomba makatibu wa matawi ya Chama katika Makete, Njombe na Wanging'ombe, pamoja na viongozi wa vyama vya wafanyakazi katika hospitali, shule na mashamba, wakusanye stakabadhi za Luku za wanachama wao za Mei hadi Septemba, waandike pembeni idadi ya watu katika kila nyumba na kama kuna mtoto mchanga au mzee, na nakala zipelekwe kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji. Asiye na hita aandike alitumia debe ngapi za mkaa, na jiko lilikaa chumba gani usiku.